Renji ya zamani, renji mpya au renji ya nje: wapi utaingiza kidogo zaidi madini ya risasi mwilini

Nawaandikia hasa nyinyi wenzangu mnaofanya sekyuriti ya kubeba silaha huku Marekani, na pia wale wanaopenda tu kwenda kulenga shabaha wikendi. Swali linaloulizwa kila siku ni renji gani, yaani uwanja wa kulenga shabaha, iko karibu na saa moja ni dola ngapi, basi. Mimi pia ndivyo nilivyochagua. Huku Texas nimepiga karibu miaka miwili kwenye renji moja ya ndani kwa sababu ilikuwa rahisi na ni dakika kumi tu kutoka kwangu, kuna wakati nilikuwa naenda mara tatu kwa wiki najiandaa na mtihani wa kulenga wa kazini. Halafu siku moja nimeenda hospitali presha imepanda, daktari akaniuliza nafanya kazi gani, nikamweleza, akaongeza kipimo cha risasi kwenye damu. Majibu yakarudi 19.

19 hiyo ni maikrogramu kwa desilita moja ya damu. Huku wanahesabu kuanzia 3.5 kwenda juu kuwa imezidi, na kwa watoto CDC, lile shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, walishusha mstari kutoka 5 mpaka 3.5 mwaka 2021. Na mimi nyumbani nina mtoto wa miaka minne ambaye nikirudi tu ananirukia kifuani kabla sijavua hata viatu. Tukampima wiki ile ile, akatoka 4. Kwa hiyo mjue naandika hii nikiwa nimeumia, na ndio maana nimekaa nikalinganisha haya mambo vizuri.

Kwanza jina lenyewe. Kiswahili chetu kimeliweka wazi tangu zamani, risasi ni yale madini mazito ya kijivu na risasi ni ile ya bunduki, jina ni moja kwa sababu kitu ni kimoja. Ili tusichanganyane, hapa chini nikisema risasi ni madini, zile za kufyatua naziita amo kama tunavyoziita kazini. Na mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa sana sumu hii ni nini, tunaukumbuka mtaa wa Owino Uhuru na kile kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, mwanaharakati Phyllis Omido akaanza kupigana baada ya mtoto wake mwenyewe kupatikana na sumu, akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Nilikuwa naisoma habari ile kama ya majirani.

Inaingiaje

Wengi wanadhani hatari ni kuishika amo. Kubwa zaidi ni kuivuta. Nyuma ya kila amo kuna praima, kile kidude kidogo ambacho sindano ya bunduki inakigonga, na amo nyingi praima yake imetengenezwa kwa kemikali yenye risasi, ikigongwa inawaka ghafla inawasha baruti na risasi yake inatoka kama moshi. Hapo hapo moto wa baruti unalamba kitako cha kile kichwa kinachoruka, manake amo za kawaida zimefunikwa shaba kwa mbele na pembeni tu, kitakoni risasi iko wazi, inayeyuka. Halafu nyingine inasagika vumbi kule mwisho kichwa kinapogonga ukuta wa chuma. Zile chembe huzioni kwa macho, zinashuka mpaka chini kabisa kwenye mapafu na kutoka huko zinaingia kwenye damu kirahisi, na zile zisizovutwa zinatua kwenye mikono, ndevu, begi, viatu na simu yako uliyoiweka pale mezani.

Kwenye damu inapungua nusu kwa kama mwezi mmoja hivi ukiacha kuivuta, hiyo ndiyo habari njema. Lakini sehemu yake inahamia kwenye mifupa kwa sababu mwili unaichanganya na kalsiamu, na mifupani inakaa miaka kumi, ishirini na zaidi, ikiachia kidogo kidogo. Presha, figo, kuumwa kichwa, tumbo kukaza usiende choo, kusahau sahau, hasira za bure, nguvu za kiume kushuka, hayo ndiyo mambo yake, na ubaya ni kwamba yote unaweza kuyapa sababu nyingine. Mimi nilikuwa nasema ni kazi ya usiku tu.

Renji ya ndani ya zamani na renji ya ndani mpya

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko watu wanavyofikiri, na haihusu taa nzuri wala kochi la kusubiria. Inahusu hewa inatoka wapi na inaenda wapi.

NIOSH, lile shirika la Marekani la utafiti wa afya kazini, wanasema hewa iingie kutoka mgongoni kwa mpigaji, ipite pale laini ya kupigia kwa mwendo wa futi 75 kwa dakika, isipungue 50, na iendelee kwenda mbele mpaka ivutwe nje kule kwenye shabaha kupitia filta. Futi 75 kwa dakika ni upepo mdogo sana, kama sentimita 38 kwa sekunde, shingoni unausikia kwa mbali tu. Ila lazima utembee sawasawa kutoka sakafuni hadi juu. Ndio maana lile feni kubwa la darini linalovuma mpaka nywele zinaruka si dalili nzuri, upepo wa kutoka juu unapiga mwili wako unajizungusha mbele yako pale pale kifuani, na moshi unarudi puani badala ya kwenda.

Nilijaribu mwenyewe. Nilichana kipande cha tishu chembamba kama urefu wa kidole, nikakishika kwa ncha mbili za vidole usawa wa kidevu nikiwa nimesimama pale pale ninaposimama kupiga. Kwenye renji mpya kililala mbele, kikabaki hivyo hivyo kinatetemeka kidogo kuelekea shabaha, nikakishusha usawa wa kiuno bado kimelala mbele. Kwenye ile ya zamani kilining'inia tu kama nguo kwenye kamba siku isiyo na upepo, halafu jirani yangu wa leni ya kushoto alipofyatua bastola kikajipinda kikarudi upande wangu kikagusa mdomo. Miaka miwili nimekuwa nikipumua pale. Na ile kamasi nyeusi niliyokuwa napenga usiku nikirudi nilidhani ni baruti tu.

Mambo mengine unayoweza kuyaona bila kifaa chochote, kabla hujalipa hata senti:

Ukiingia tu pale kaunta wanapouzia, nusa. Ukisikia harufu ya baruti ujue hewa ya ndani inavuja kuja mapokezi, na haitakiwi, renji nzuri inavuta hewa nje zaidi ya inayoingiza ili mlango ukifunguliwa upepo uingie ndani, usitoke. Zilizojengwa vizuri zina milango miwili na kachumba katikati, wa kwanza unajifunga ndio unafungua wa pili.

Angalia sakafu. Ukikuta kapeti, au ukimkuta kijana na ufagio wa kawaida anafagia maganda ya amo vumbi linapaa, geuka urudi kwenye gari. Kufagia kavu ni kulirusha upya lile vumbi lote lililokuwa limetulia. Inatakiwa mashine ya kunyonya yenye filta ya HEPA, ile inayonasa vumbi laini sana, au kudeki na maji.

Waulize wafanyakazi, kwa heshima tu, kaka mnapimwa damu hapa? Sheria ya risasi ya OSHA, shirika la serikali ya Marekani la usalama kazini, ni ya tangu 1978 na inamlinda mwajiriwa, inasema hewa isizidi maikrogramu 50 kwa mita moja ya ujazo kwa wastani wa saa 8, na ikifika 30 mwajiri aanze kuwapima damu. Wewe mteja humo haumo. Kwa hiyo njia ya kujua hali yako ni kuuliza wao wanaoshinda pale. Kwenye renji mpya msimamizi alinijibu bila kusita, akanitajia miezi mingapi wanapimwa na akasema yeye yuko 5. Kwenye ile ya zamani niliambiwa hilo swali niulize ofisini. Ofisini hakukuwa na mtu wa kulijibu.

Na msione futi na maikrogramu mkadhani ukifuata sheria ile basi uko salama, manake ni sheria ya zamani sana, inaruhusu mtu aondolewe kazini akifika damu 60 na arudishwe akishuka chini ya 40. Jopo la wanasayansi wa Marekani mwaka 2012 liliangalia wanajeshi wanaofanya kazi kwenye renji likasema 40 haitoshi kumlinda mtu. California wameshabadilisha, tangu Januari 2025 kiwango chao cha hewa ni 10, sisi wa Texas bado tuko na 50.

Bei? Ya zamani karibu kila mara ni rahisi, mfumo mzuri wa hewa ni ghali kuujenga na kuuendesha, hasa huku Texas ambako ile hewa yote ya baridi unayoilipia umeme unaitoa nje. Kwa hiyo renji zingine zinazungusha hewa ile ile irudi ndani, na kama filta imechoka ndio basi tena. Ukiona bei ya chini sana jiulize wamepunguza nini.

Renji ya nje

Kwa upande wa kuvuta moshi, nje ndiko kuna nafuu zaidi, hilo halina ubishi mkubwa, upepo unaondoka na moshi. Lakini isikudanganye ukadhani hakuna risasi. Zile renji za nje zenye paa na kuta pembeni kama banda, siku ambayo hakuna upepo au upepo unatoka mbele unakuja usoni, zinakaribia kuwa za ndani tu. Ardhi pale mbele imejaa risasi ya miaka, unaikanyaga unapoenda kubadilisha karatasi na unaipeleka kwenye gari.

Shida kubwa ya nje kwangu mimi ni mikono. Nje watu wanakaa kama pikiniki, joto la Texas mwezi wa saba linapita nyuzi 38, kila dakika tano unashika chupa ya maji, unakula chips, unajipangusa jasho mdomoni kwa mkono ule ule uliojaza amo kwenye magazini hamsini. Nimeona mzee mmoja anaokota maganda anayatia kwenye kofia yake, akimaliza anayamwaga kwenye ndoo, anaivaa kofia. Vumbi lote liko kwenye nywele, na jasho linalishusha machoni na mdomoni. Maganda okota na glavu, weka kwenye mfuko.

Kwa mtu anayepiga mara moja kwa mwezi, mimi nje ndio ningemshauri, hata kama ni mwendo wa saa nzima. Na ukichagua nje chukua kibanda cha pembeni upande ambao upepo unatokea, usikae katikati ya watu.

Kufanya mazoezi bila amo

Hii watu wanaidharau. Nusu ya kinachopimwa kwenye mtihani wa kulenga ni kushika, kupumua, kuvuta traiga bila kutikisa mkono, kuchomoa bastola kwenye ala, na vyote hivyo unavifanya sebuleni na bunduki tupu iliyokaguliwa mara tatu, amo zikiwa chumba kingine, au na ile bastola ya leza ya mazoezi. Hakuna praima, hakuna baruti, hakuna risasi kabisa. Tangu mwaka jana mimi nafanya dakika kumi na tano kila siku nyumbani na renji naenda mara moja kwa mwezi tu kuhakikisha, na alama zangu hazikushuka. Ila bunduki safisha kwanza na mezani usiiweke, ile ya kulia chakula namaanisha.

Amo zenyewe, hapa soma taratibu

Kwenye boksi kuna maneno mengi na mengine yanapotosha. Uliza vitu viwili tofauti: kile kichwa kimefunikwa mpaka kitakoni? Na praima ina risasi au haina?

FMJ ya kawaida, ile ya bei poa inayouzwa kila mahali, kitako kiko wazi na praima kwa kawaida ina risasi, yaani unapata moshi wa sehemu zote mbili. TMJ imefunikwa kote pamoja na kitako, inapunguza, lakini praima inaweza kuwa ile ile ya zamani, kwa hiyo usione TMJ ukadhani umemaliza. Zile ambazo zina vyote viwili, kitako kimefungwa na praima haina risasi, mfano Federal Syntech au zile za CCI zinazoitwa Clean-Fire, ndizo zinapunguza kweli moshi unaokurudia. Ndani kichwa bado kina risasi kikigonga ukuta wa mwisho, ila hiyo iko mbali na pua yako kama hewa inaenda mbele. Na zile za shaba tupu zenye praima isiyo na risasi ndizo safi kuliko zote, na ndizo ghali kuliko zote.

.22, ile amo ndogo, nataka kuisema peke yake kwa sababu ndiyo tunayowapa watoto na wanaojifunza, ni rahisi, haipigi bega, haina kelele nyingi. Lakini .22 nyingi kichwa ni risasi tupu, au kimepakwa shaba nyembamba tu, na praima yake ina risasi pia. Kule Alaska kati ya 2002 na 2004 walipima wanafunzi wa timu za shule za kulenga shabaha waliokuwa wanafanya mazoezi renji za ndani, timu moja wastani wao ulikuwa juu ya 24. Watoto wa shule. Walipoangalia, hewa na usafi wa zile renji ndivyo vilivyokuwa vibovu.

Sasa hapa kuna kitu kilinichukua muda kukielewa: amo safi haikuokoi kwenye renji mbovu. Wewe umenunua boksi la bei, leni ya pembeni kuna vijana wanne na boksi la FMJ na bunduki yenye sailensa ya kupunguza mlio, ile sailensa inarudisha moshi nyuma, na wote mnapumua hewa moja. Nikiwa na dola ishirini za ziada, bora niziweke kwenye kiingilio cha renji yenye hewa nzuri kuliko kwenye amo. Zikibaki nyingine ndio naongeza amo safi. Revolva, ile bastola ya silinda inayozunguka, nayo inatoa moshi pembeni kwenye ule mwanya wa silinda karibu na uso, kama ni yako hiyo basi hewa ndiyo usiifanyie mchezo kabisa.

Ukitoka renji, yoyote ile

Maji ya baridi na sabuni, mikono na uso, kabla hujashika simu au usukani. Zile dawa za mkono za kuua vijidudu haziondoi risasi hata kidogo, zinaisambaza. Kuna sabuni na wet waipsi maalum zilizotengenezwa kunasa risasi, mimi naweka pakiti kwenye gari. Viatu vya renji vinakaa kwenye mfuko nyuma ya gari, havikanyagi nyumbani. Nguo zinaoshwa peke yake. Mtoto anasubiri mlangoni mpaka baba aoge, mwanzoni alilia, sasa amezoea anakuja na taulo.

Usiende na njaa. Tumbo tupu linafyonza risasi zaidi kuliko lenye chakula, ndio maana mwezi wa Ramadhani mimi renji siendi mchana kabisa. Maski ya kitambaa haisaidii kwa moshi huu, kama kazi inakulazimisha kushinda mahali pabaya tafuta ile ya nusu uso yenye filta P100, na ndevu zinaharibu kubana kwake.

Basi nani aende wapi

Dada mwenye mimba au anayenyonyesha: ndani usiingie, hata ile mpya. Risasi inavuka kwenda kwa mtoto, na ile iliyokaa mifupani tangu zamani inaachiwa zaidi wakati wa mimba kwa sababu mwili unachota kalsiamu. Kama mtihani wa kazi umeangukia hapo omba usogezwe, na uombe kwa maandishi.

Mtoto: mtoto mdogo anafyonza karibu nusu ya risasi anayomeza wakati mtu mzima anafyonza kama sehemu moja ya kumi, kwa hiyo usimlete hata kukaa pale nyuma ya kioo akikusubiri. Kijana mkubwa anayetaka kujifunza, mwanzishie na ile ya leza, halafu nje, na mikono muoshe wewe mwenyewe.

Wewe wa sekyuriti unayehitaji kupasi mara moja kwa mwaka: mazoezi ya sebuleni, nje mara mbili tatu, na siku ya mtihani uende popote wanapokupangia, siku moja haitakuua.

Wewe unayefundisha au unayeshinda renji kila wiki, kwako kilomita na dola si hoja tena, chagua kwa kipande cha tishu na kwa jibu la yule msimamizi. Na upime damu, sasa hivi kabla hujabadilisha chochote ili ujue ulipoanzia, halafu kila baada ya miezi michache. Mwambie daktari wazi unataka kipimo cha risasi, wengi hawakifikirii kwa mtu mzima. Wachukue kwenye mshipa, ile ya kuchoma kidole inaweza kutoa namba ya juu ya uongo kama kidole chenyewe kina vumbi.

Mimi nilihama ile renji siku ile ile. Baada ya miezi mitatu nikawa 11, sasa niko 6. Mtoto yuko chini ya 2.